Land Rover 110, matairi ya 285 na usukani mzito: nguvu iwe ya mwisho

Swali: Shikamoo mzee. Nina Land Rover 110 ya 300 Tdi yenye pawa stelingi. Inapandisha watu na mizigo Amani, ikirudi inashusha iliki na pilipili manga mpaka Muheza. Ilikuwa na matairi ya 7.50R16. Kabla ya masika nimefunga 285/75R16 za matope kwenye rimu pana za inchi 8, pamoja na springi za kunyanyua inchi 2. Sasa usukani umekuwa mzito, nikitoka kwenye kona haurudi wenyewe, na kwenye lami ya Segera hadi Tanga nikifika spidi 80 unatikisika mpaka mikono inakufa ganzi. Fundi wangu anasema nifunge shokapu kubwa ya stelingi. Rafiki yangu anasema nitafute stelingi boksi kubwa na ramu ya haidroliki, yaani silinda ya mafuta ya presha inayosaidia kusukuma magurudumu. Nianze na kipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usianze na chochote kati ya hivyo. Vyote ni vitu halali na vina mahali pake, ila gari lako halijafika huko.

Ulichoniandikia ni magonjwa matatu, si moja: usukani mzito, usukani usiorudi, na usukani unaotikisika. Yamekuja pamoja kwa sababu umefunga tairi, rimu na springi kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana kila anayelitazama gari anadhani dawa ni moja. Mimi stelingi ya gari la tairi kubwa huwa naishughulikia kwa mpangilio huu: kwanza pembe, kisha maungio, kisha rodi, na nguvu mwisho kabisa. Ukitanguliza nguvu, kilicholegea kitabaki kimelegea, tofauti ni kwamba sasa kinasukumwa kwa ubavu zaidi. Na gari lako linabeba watu kwenye mteremko wa Amani, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kubahatisha.

Tuanze na tairi lenyewe, maana hapa watu wengi wanauziwa kimo ambacho hakipo. Tairi la 7.50R16 lina kimo cha milimita 805 hivi kutoka chini hadi juu. La 285/75R16 piga hesabu mwenyewe: 285 mara 0.75 ni 214, huo ni ukuta mmoja; kuta ziko mbili, 428; ongeza rimu ya inchi 16 ambayo ni milimita 406, jumla 834. Kwa gharama yote uliyoingia tairi limerefuka chini ya sentimita 3, na difu imeinuka nusu ya hapo, kama milimita 14. Springi zako zimeinua bodi na chesisi. Difu hazikuigusa, kwa sababu difu iko kwenye ekseli na ekseli inabebwa na tairi. Spidomita nayo itadanganya kidogo tu: ikisema 80, uko kwenye 83.

Kwa hiyo kimo sicho kilichokuletea uzito wa usukani. Kimo kimeongezeka asilimia 3 na nusu, mkono wa mtu hausikii kitu hapo. Uzito umeletwa na upana wa tairi, na zaidi ya upana, umeletwa na mahali ambapo ile rimu ya inchi 8 inaliweka tairi.

Nieleze vizuri hapa. Chukua kingi pini ya juu na ya chini, zile pini ambazo gurudumu la mbele linageukia, piga mstari wa kufikirika upite kwenye zote mbili, uuteremshe mpaka ardhini. Tairi linapokatwa kona linageuka kuzunguka nukta ile ya ardhini. Rimu ya kiwandani imepimwa ili katikati ya tairi isikae mbali na nukta hiyo. Rimu pana nyingi za dukani zimetengenezwa kutoa tairi nje, lionekane limejaa chini ya bawa. Matokeo yake tairi haligeuki mahali pake tena. Linafagia upinde, huku limebeba uzito wa injini, na wewe ndiye unayelifagilisha kwa mikono. Halafu likigonga jiwe au ukingo wa shimo kwa upande wa nje, pigo lina mkono mrefu wa kuuzungusha usukani. Kama umeanza kuona usukani unakupokonya vidole kwenye mawe ya kupandia Sigi, chanzo ni hicho.

Pima, usikisie. Vua tairi na rimu moja ya zamani na moja mpya. Ilaze rimu uso wa nje ukiwa chini, upande wa ndani ukitazama juu. Weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa rimu, kutoka ukingo hadi ukingo, kisha shusha tepu kutoka kwenye ubao mpaka kwenye bamba linalokaa kwenye habu. Andika. Pima pia upana mzima wa rimu kutoka ukingo hadi ukingo, ugawe kwa mbili. Kile kipimo cha kwanza kikizidi nusu ya upana, rimu inaingiza tairi ndani. Kikipungua, inalitoa nje. Linganisha rimu mbili zako. Tofauti utakayoiona ndiyo umbali ambao katikati ya tairi imehama kutoka pale kiwanda kilipoiweka, na nisingeshangaa ukikuta ni sentimita kadhaa.

Ungeniuliza kabla hujanunua, kwa njia yako ningekushauri 255/85R16 kwenye rimu ya inchi 7 yenye ofuseti (kile kipimo cha kuingiza au kutoa tairi) inayokaribiana na ya zamani. Kimo chake ni milimita 840, yaani linalipita kidogo hilo ulilofunga, lakini ni jembamba kwa milimita 30. Tope la Amani wakati wa masika ni laini juu na gumu chini. Tairi jembamba linakata lile laini mpaka likute pa kushika. Pana linaelea juu yake na kuteleza kuelekea korongoni. Tairi pana lina maana kwenye mchanga, kwa wanaoteremka fukwe za Pangani na kuelekea Saadani. Kuna na 235/85R16, ambalo kwa kimo ni sawasawa na 7.50R16 yako, na sijaona mzigo wa iliki ulioshindikana kwa ajili yake. Lakini ulishanunua, basi tuendelee na ulicho nacho. Kama rimu za inchi 8 zinaweza kuuzika, uza rimu, tafuta za inchi 7 na nusu au 8 ambazo hazitoi tairi nje sana, matairi yabaki.

Ukiingiza tairi ndani utakutana na tatizo la pili, ujue mapema. Tairi la 285 kwenye 110 linagusa radiasi amu, ule mkono mrefu unaoshika ekseli ya mbele kwenye chesisi, usukani ukikatwa mpaka mwisho. Lala chini utazame: amu itakuwa na sehemu iliyosuguliwa mpaka chuma kinang'aa, na kwenye ubavu wa ndani wa tairi pana mchubuko wa mviringo. Nyuma ya swiveli, kile kichwa cha ekseli kinachogeuka na gurudumu, kuna bolti ya kizuizi yenye lokinati. Ifungue utoke milimita chache, pande zote mbili sawa, mpaka tairi lisimame kabla ya kugusa. Gharama yake ni kona. Land Rover 110 haijawahi kusifiwa kwa kukata kona, na sasa kuna kona za juu ya Sigi utazikata kwa kurudi nyuma mara moja. Watu wengine wanakimbilia spesa kati ya habu na rimu. Sizipendi: zinakurudisha kwenye kufagia upinde, na bolti za habu zinabeba mzigo kwa namna ambayo hazikupimiwa.

Upepo nao. Kwa 7.50R16, 110 inataka psi 28 mbele na 48 nyuma ikiwa na mzigo. Nimeona wengi wakijaza 48 magurudumu yote ili usukani uwe mwepesi. Unakuwa mwepesi kweli, halafu gari linadunda na kukanyaga kwa kiganja cha katikati tu. Kwa 285 anza na upepo wa 30 mbele, chora mstari mnene wa chaki kukata kashata za tairi kutoka bega hadi bega, endesha mita mia mbili mahali palipo sawa na pakavu, ushuke utazame. Chaki ikifutika katikati peke yake, punguza. Ikifutika mabegani peke yake, ongeza. Na usikate usukani gari likiwa limesimama wima. Liache liviringike hata hatua moja.

Sasa kutorudi. Huku ndiko kulikoharibika zaidi, na sababu ni springi.

Tazama uma wa mbele wa baiskeli: haukusimama wima, umelala, kichwa kikiwa nyuma na mguu mbele. Ule ulalo ndio unaomfanya kijana aachie mikono na baiskeli iendelee kunyooka. Kwenye gari ulalo huo wa kingi pini unaitwa kasta, na Land Rover yako ilitoka kiwandani ikiwa na digrii 3. Ekseli ya mbele imeshikwa na radiasi amu mbili zinazorudi nyuma mpaka kwenye chesisi. Ulipoinua chesisi kwa milimita 50, ncha ya nyuma ya amu ilipanda, ya mbele ikabaki chini na ekseli, amu ikazunguka, ikaizungusha ekseli pamoja nayo. Amu haifiki mita moja, kwa hiyo milimita 50 zinatosha kula karibu digrii zote 3. Kingi pini zako sasa zimesimama wima au karibu na hapo. Hakuna kinachoyavuta magurudumu yanyooke, na kwenye lami gari linatangatanga mpaka unasahihisha usukani kila mara.

Dawa ziko tatu na hazilingani. Ya kwanza ni bushi za kuhamisha tundu zinazoingia kwenye radiasi amu zilezile. Ni rahisi, ila zinarudisha sehemu tu na ni ngumu, hazijikunji vizuri ekseli ikipinda kwenye makorongo. Ya pili ni radiasi amu zilizopindwa kiwandani kurudisha digrii 3. Hizo ndizo wengi wanafunga na usukani unarudi vizuri, lakini zinaizungusha ekseli nzima, pua ya difu inainama, na propela shafti ya mbele inafanya kazi kwa pembe kali zaidi. Kwa kuwa 110 inavuta magurudumu yote muda wote, pembe hiyo utaisikia kama mngurumo na krosi, yaani maungio ya shafti hiyo, zitakufa mapema. Ya tatu ni swiveli zilizotobolewa upya matundu ya bolti ili kingi pini ilale bila ekseli kuzunguka. Ni kazi ndefu, lazima ufungue habu, na hiyo ndiyo ninayoipenda kwa gari la biashara, maana ukishafungua huko ndani utaona hali ya beringi na kingi pini, na utabadilisha kilichochoka kwa ufundi uleule mmoja. Wenye Land Cruiser mkonga ya springi za majani wana njia fupi: kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, basi.

Kuna njia ya nne ambayo hutaisikia gereji: rudisha springi za kimo cha kawaida, za uzito unaobeba. Tairi la milimita 834 halihitaji inchi 2 za kunyanyua. Litagusa bawa mara chache ekseli ikijikunja sana, na kizuizi cha bampu kirefu kidogo kinamaliza habari. Ulinyanyua kwa sababu picha zote za mitandaoni zimenyanyuliwa. Gari lenye watu kumi na mizigo juu ya keria, kwenye barabara inayoinamia bondeni, halina faida ya kuwa refu.

Kabla hujalaumu kasta peke yake, hakikisha hakuna kinachokwama. Weka jeki, simamisha ekseli kwenye stendi, matairi yote mawili yaning'inie. Chomoa dragi linki, ile rodi inayotoka stelingi boksi kwenda kwenye gurudumu, upande wa gurudumu. Sasa sukuma tairi kwa mkono kulia na kushoto: lazima liende kwa ukinzani ulio sawa, bila kukwama mahali popote. Likiwa zito kama limegandishwa, kingi pini zimebanwa mno au hazina mafuta. Rudi ndani, zungusha usukani peke yake. Ukiwa mzito, angalia krosi za shafti ya usukani. Kwetu huku pwani zinashika kutu hata kwenye gari linalotembea kila siku. Angalia pia ile skrubu juu ya stelingi boksi. Mafundi wakisikia usukani una mchezo, wanaikaza skrubu hiyo wakiwa wamesimama, dragi linki imefungwa, magurudumu yamekatwa kwenda popote. Ikikazwa kupita kiasi, usukani haurudi hata kasta iwe kamili. Inarekebishwa dragi linki ikiwa imechomolewa, boksi ikiwa katikati kabisa, na inaishia pale mchezo unapoisha.

Hilo la katikati ya boksi nalisisitiza, kwa sababu kwenye gari lililonyanyuliwa linakosewa sana. Chesisi ikipanda, panadi rodi, ile rodi ya kukingama inayozuia ekseli isiende pembeni, inaisogeza ekseli kidogo kwenda pembeni, na usukani unakaa upande. Fundi mwenye haraka anavua usukani, anausogeza meno mawili, anaurudisha umenyooka. Usukani umenyooka kwa macho, boksi haiko katikati. Boksi hizi zimetengenezwa zibane zaidi pale katikati, ili kwenye barabara iliyonyooka kusiwe na mchezo. Ukitoka hapo, nafasi inaongezeka kwa makusudi. Ukiendesha gari linyooke huku boksi iko pembeni, unaendesha kwenye sehemu yenye mchezo safari nzima, halafu unaambiwa boksi imekufa. Njia sahihi ni kuhesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho hadi mwisho dragi linki ikiwa nje, kurudi nusu, kuacha boksi hapo, kunyoosha magurudumu, na kurefusha au kufupisha dragi linki mpaka iingie bila kulazimishwa. Na usishawishike kununua mkono wa boksi ulioshushwa ukaacha panadi rodi ilivyo. Dragi linki na panadi rodi lazima zilale sambamba. Ukishusha moja, kila shimo litakukatia usukani.

Tuje kwenye kutikisika kwa spidi 80. Anza na kitu kisicho na gharama. Vua matairi manne, tazama ndani ya rimu. Ule udongo mwekundu wa Amani ukijaa ndani ya rimu pana na kukauka upande mmoja, unaweza kuwa robo kilo au zaidi, na tairi linazunguka likiwa na jiwe la kujitengenezea. Ubandue kwa kijiti, osha kwa maji ya presha, ndipo upeleke balansi. Nina hakika baadhi ya pesa zinazolipwa balansi mjini Tanga ni za kupima uzito wa matope.

Kisha maungio. Mwite kijana mmoja akae kwenye usukani, gari likiwa chini kwa magurudumu yake, injini inawaka na breki ya mkono imevutwa. Aukate usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, haraka. Wewe lala chini, weka kiganja juu ya kila tairodi endi (ungio la ncha ya tairodi, rodi inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) na kila ncha ya dragi linki, moja baada ya nyingine. Macho yanadanganywa na kifuniko cha raba, kiganja kinasikia chuma kikigonga. Endelea mpaka bushi za panadi rodi: tazama bolti na chesisi, ukiona ncha ya rodi inatangulia kabla chesisi haijafuata, bushi imekwisha. Bushi hiyo ndogo ndiyo inayoleta mtikisiko mkubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye ekseli ya kipande kimoja, na ndiyo inayosahauliwa. Usisahau na bushi za radiasi amu.

Halafu gurudumu. Liinue, lishike juu na chini, ulitikise. Likiwa na mchezo, mwambie kijana akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za habu. Ukibaki, ni kingi pini. Breki inafunga habu na swiveli kuwa kitu kimoja, kwa hiyo kinachobaki kucheza kiko nyuma ya swiveli. Kingi pini za Land Rover zinabanwa kwa shimu nyembamba. Ukitoa moja, mbano unaongezeka. Kingi pini iliyolegea, bushi ya panadi iliyochoka na tairi zito lisilo na balansi vikikutana, unapata ule mtikisiko unaolazimisha mtu kusimama katikati ya barabara.

Hapo ndipo shokapu ya stelingi inapoingia kwenye hadithi. Kazi yake ni kupunguza pigo la jiwe. Ukifunga kubwa leo, mtikisiko utapungua, utaona fundi wako amesema kweli, na kile kilicholegea kitaendelea kuliwa kimya kimya chini yake. Siku shokapu inapovuja, yote yanarudi kwa pamoja, na huenda uko kwenye mteremko.

Maungio yakishakuwa mazima ndipo tunazungumza kuimarisha. Kwenye Land Rover za koili, dragi linki iko mbele ya ekseli na tairodi iko nyuma yake, chini kabisa, mahali ambapo kila kisiki kilichopita katikati ya magurudumu kinaikuta. Bomba la asili linapinda. Funga uzi kutoka ncha hadi ncha utaona. Likipinda linakuwa fupi, magurudumu yanafunguka mbele, na matairi yanaliwa ndani. Kwa tairi lako badilisha tairodi iwe ya bomba nene au ya chuma kizima, na tairodi endi mpya za ubora wa kiwandani. Ile ya zamani inyooke isinyooke, ifunge juu ya keria iwe ya akiba. Kamwe usikubali tairodi ichomelewe au inyooshwe kwa moto. Hakikisha nyuzi zimeingia za kutosha na sawa kila upande, na nati za taji zina spliti pini mpya. Nimekuta misumari mahali pa spliti pini kwenye magari ya abiria.

Usipitilize unene pia. Rodi ikishakuwa haipindi kabisa, pigo linahamia kwenye tairodi endi au kwenye mkono wa swiveli, na hivyo vikikatika gurudumu linajiamulia linakotaka. Afadhali rodi ipinde kidogo ufike nyumbani.

Ukishafika hapa, piga alaimenti mwenyewe. Wa mjini wamezoea magari madogo, watakubania magurudumu kwa ndani mbele. Land Rover ya kuvuta muda wote inataka kinyume, mbele kuwe wazi zaidi kwa milimita 0 hadi 2. Chora alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwa kimo cha habu. Pima kati ya alama. Sukuma gari mbele nusu mzunguko, alama zilezile zifike nyuma kwa kimo kilekile, pima tena. Kipimo cha mbele kiwe sawa na cha nyuma au kikizidi kwa hizo milimita.

Nguvu sasa. Stelingi boksi ya pawa ya 300 Tdi inalimudu tairi la 285 ikiwa nzima. Fungua kopo la mafuta ya stelingi: ATF ya Dexron inatakiwa kuwa nyekundu na safi. Ikiwa nyeusi imeungua. Ikiwa na povu inavuta hewa mahali, aghalabu kwenye hosi ya kuingia pampu. Badilisha, toa hewa kwa kukata usukani polepole mwisho hadi mwisho magurudumu yakiwa juu. Mkanda ukilia ukikata usukani, kaza au badilisha. Kupanda Amani kwa gia ya chini, kona baada ya kona, injini inazunguka na upepo haupo, mafuta yanachemka; kijirejeta kidogo kwenye hosi ya kurudisha mafuta, ile isiyo na presha, ni nyongeza yenye faida. Na usishikilie usukani mwisho wa kona, pampu inachemka pale kuliko popote.

Piga brashi ya waya kwenye chesisi kuzunguka bolti nne za boksi. Tafuta mstari mwembamba wa kutu unaoanzia kwenye tundu. Ukiuona, simamisha gari, kazi hiyo ni ya mchomeleaji anayejua chesisi. Magari yanayolala karibu na bahari, huko Raskazone na kwingineko, yanakaguliwa mara mbili.

Ramu ya haidroliki ni ya wenye matairi ya inchi 37 kwenda juu wanaopanda mawe kwa starehe. Inataka boksi itobolewe, pampu kubwa, na hosi mbili za presha zinazoning'inia mahali visiki vinapita. Kwa gari la abiria Muheza, hapana. Ile ya haidroliki tupu, isiyo na chuma kinachounganisha usukani na magurudumu, haina haki ya kukanyaga lami.

Mwishoni, kazi yote ikiisha, vua shokapu ya stelingi kabisa. Nenda peke yako, bila abiria, kwenye barabara tupu ya mashamba ya mkonge, upandishe spidi kidogo kidogo. Ikitikisika, kuna ungio hujalipata, rudi chini ya gari na kile kiganja. Isipotikisika, funga shokapu mpya ya ukubwa wa kawaida, kaza tena nati zote baada ya safari chache za mlimani, na pesa za ile kubwa nunulia spliti pini na tairodi endi za akiba.